Haisi Isiyokuwa Haisi

Kizwite, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Pokea na shikamoo za wajukuu zako, Tumpe na Ipyana, walioniegemea hapa mezani wakitaka kujua kama barua itafika kwako kabla ya mkungu wao wa ndizi huko kwako kuiva. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba mvua ya Tukuyu, isiyojua kupumzika, imekuachia angalau jua la kuanikia maharage. Sisi huku tumo ndani ya upepo. Ufipa haina mti wa kuuzuia. Unapanda kutoka ukingo wa bonde la Rukwa, unapita juu ya nyasi tupu mpaka kwenye mabati yetu, na watu wanatembea barabarani wamejifunga mablanketi kama wagonjwa. Watoto hawajambo. Mimi sijambo mwili.

Naomba barua hii akusomee wifi Subilaga, si mwinjilisti, na akusomee chumbani mkiwa wawili. Mkishaimaliza, mwaweza kumwambia mnayetaka kumwambia.

Najua habari zimenitangulia. Watu wa mabasi husafirisha maneno bila tiketi. Nimesikia kwamba huko inasemwa mwanao, mume wangu, alikuwa amelewa, akaua watu, akatoroka. Ujumbe wako nao ulinifikia, kwa mdomo wa yule dereva wa lori la mahindi uliyemtuma: niuze gari, nifunge mizigo, nirudi nyumbani na watoto. Sikuupuuza, Mama. Ila kabla sijakujibu, nataka uyajue yaliyotokea, na uyajue kwangu.

Lwitiko hakulewa na hakutoroka. Yuko hapa hapa Sumbawanga, gerezani. Amefungwa miaka mitatu. Aliyekufa ni mtu mmoja, mwanamke, na nilimfahamu. Pumzika kidogo hapo, Mama. Wifi, mpe maji, halafu endelea.

Unakumbuka shirika lilipofungwa. Lwitiko alikuwa mtunza ghala wao tangu tulipohamia huku, na alidhani atazeekea pale. Lakini ulikuwa wakati ule ambao leo shirika hili linauzwa, kesho lile linafungwa, na mabwana waliokuwa wakienda kazini na kalamu mfukoni tukaanza kuwaona sokoni wakiuza vitumbua. Yeye alipewa kiinua mgongo chake, na siku kadhaa baadaye akaniambia, "Mama Tumpe, mimi sitauza vitumbua. Nitanunua Haisi."

Huku kwetu ilikuwa akili. Kutoka hapa mjini kwenda Kaengesa, Mpui mpaka Laela, watu walikuwa wakisafiri juu ya magunia kwenye malori. Mwenye Haisi hakukosa abiria. Akaenda Dar es Salaam. Haisi za Kijapani zilizotumika zilimshinda. Alizoweza kuzipata zilikuwa zimechoka, sakafu zimeliwa na kutu hadi unaona barabara. Ndipo mfanyabiashara mmoja akampeleka nyuma ya bohari akamwonyesha gari jipya kabisa, viti vikiwa bado na nailoni. Lilikuwa na pua ya Haisi, madirisha ya Haisi, na mlango wa ubavuni wa kusukuma kama wa Haisi. Mgongoni liliandikwa jina la Kichina, kwa herufi zao na kwa herufi zetu, jina ambalo hata yule muuzaji alilitamka mara mbili kwa namna mbili.

"Hii na Haisi ni mtu na mdogo wake," alimwambia. "Vipuri vya huyu vinaingia kwa yule."

Lwitiko aliniambia kwamba aliposikia ni la Kichina hakuogopa, bali alifurahi. Alimkumbuka marehemu Baba, jinsi alivyojenga reli pamoja na Wachina, akala nao wali, akawasifu mpaka siku ya kufa kwake kwamba hawakuwa watu wa kulaza kazi. Alijiona kama ananunua kitu kwa marafiki wa baba yake.

Ulipoliona gari lile ulifurahi nawe. Alilipitisha kwako akiwa njiani kuja huku, ukaliombea pale uwanjani, kisha ukakaa kiti cha mbele mkaenda hadi sokoni na kurudi, umevaa kitambaa chako cha kwaya. Alikuwa akinisimulia hadithi hiyo mara kwa mara. Nakuandikia hili ili ujue kwamba hatukuwa wajinga peke yetu. Lilikuwa gari zuri kulitazama.

Msimu wa kwanza lilitulisha. Nilikuwa nikishona barazani, nikisikia honi yake tangu kule kwenye kona, na watoto wanatupa kila kitu kwenda kulilaki. Pale stendi kulikuwa na mpiga debe mmoja, mtu wa utani, alilichungulia mbele na nyuma akasema, "Bwana Lwitiko, Haisi yako ina macho yaliyokaribiana. Hii kanyonya kwa mama wa kambo." Watu walicheka, Lwitiko naye akacheka.

Kisha likaanza kuchoka, na hapo ndipo tulipojua. Alinunua chujio la mafuta la Haisi, halikuingia. Alinunua breki za Haisi, ilibidi zipigwe tupa siku nzima ndipo zikae, na zilikaa zikilia. Sura ilikuwa ya ukoo mmoja, matumbo ya ukoo mwingine. Vipuri vya kwake hasa havikuwepo Sumbawanga, havikuwepo Mbeya, na yule muuzaji wa Dar es Salaam alipotafutwa, bohari lake lilikuwa limeshakuwa la mtu mwingine, anauza mabati.

Haikuwa mikosi yetu sisi tu. Mjini hapa magari ya namna ile yalikuwa matatu. La kwanza lilikufa injini mapema, likasukumwa nyuma ya nyumba ya mwenyewe, kuku wakahamia ndani. La pili liliwaacha abiria porini njia ya Namanyere kwenye mvua, wakatembea na watoto mgongoni. Basi abiria wakawa wajanja. Mtu akifika stendi, kabla hajapandisha mzigo anauliza, "Hii ni Haisi yenyewe au Mchina?" Akisikia ni Mchina, anachukua kikapu chake anakwenda kusimama kwenye lori. Nilimwona Lwitiko akirudi jioni na viti vitupu, anaegesha, anabaki amekaa nyuma ya usukani muda mrefu kabla ya kushuka.

Jumamosi moja alikwenda Mbeya, akarudi na vibao vya chuma vinavyong'aa, vyenye jina la Kijapani kwa herufi zile zile zinazobandikwa kwenye Haisi. Akakaa uani na bisibisi na petroli, akabandua jina la Kichina, akasugua alama za gundi mpaka rangi ikawa safi, akabandika lile jina jipya. Alirudi nyuma hatua chache akalitazama, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetundika picha ukutani.

Likawa Haisi. Abiria walirudi. Wageni walikuwa hawaulizi tena, na wenyeji nao taratibu wakasahau. Hata mimi nilianza kuliita Haisi.

Sasa nikueleze habari za mama Leokadia. Alikuwa Mfipa wa kijiji kimoja mbele kidogo ya Kaengesa, mke wa mzee Osward, katekista. Kila siku ya soko alileta maharage mjini, na akishauza alipita barazani kwangu. Mimi ndiye niliyewashonea binti zake magauni ya komunyo ya kwanza. Alikuwa mnene, miguu ikimvimba, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alipenda kukaa kiti cha karibu na mlango ili asiwasumbue watu wakati wa kushuka. Alinifundisha kupika uji wa ulezi usiofanya madonge. Tumpe alimwita bibi.

Wakati huo mlango ule wa ubavuni ulikuwa umeanza kusumbua. Mlango wa namna ile hutembea kwenye reli kwa magurudumu madogo ya chuma, na ukifika mwisho hushikwa na kitasa. Magurudumu yalikuwa yamelika, na kitasa hakishiki vizuri. Lwitiko akanunua vya Haisi. Magurudumu yalikuwa manene kwa ile reli, na kitasa hakikuangaliana na tundu lake. Fundi akayanoa, akakata, akachomelea, akaufunga na kuufungua mara nyingi mbele yetu. Ulifungika. "Utakaa," alisema, na Lwitiko akasema, "Ukikaa mpaka mavuno nitashukuru."

Siku ile ilikuwa ya soko. Konda wake alikuwa mgonjwa, akaenda peke yake. Mama Leokadia alipita kwangu mchana, akanywa chai, akanisifu kwa pindo la sketi niliyokuwa nikishona, akaenda stendi na vikapu vyake vitupu. Nilimpungia mkono sindano ikiwa mdomoni.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Lwitiko mwenyewe na kwa mwalimu mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma, na maneno yao hayakupishana. Walipokaribia Kaengesa, pale barabara ilipokatika kwa rasta, ile mikunjo ya vumbi inayotikisa gari, na makorongo, mlango ulianza kugonga. Mama Leokadia akasema, "Baba, mlango wako unacheka." Lwitiko akapunguza mwendo, akasema angesimama pale mbele penye tambarare aufunge kwa kamba. Mama Leokadia akaushika kwa mikono miwili ili usifunguke, maana pembeni yake kulikuwa na msichana mwenye mtoto mchanga. Akamwambia yule msichana asogee ndani. Msichana akasogea. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, mlango mzima ukachomoka kwenye reli yake, ukaenda nje, na yeye ambaye alikuwa ameushika akaenda nao.

Gari halikuwa na mwendo, Mama. Wote wanasema hivyo. Lakini alitangulia kichwa, na pale kandoni kuna mawe.

Watu walikuja kutoka mashambani na majembe yao. Unajua ilivyo dereva akiua mtu kijijini. Mwalimu alimwambia, "Kimbia, bwana, nenda polisi kwa miguu, watakuua." Abiria wengine walimwambia hivyo hivyo. Lwitiko alikaa chini barabarani, akakiweka kichwa cha mama Leokadia mapajani mwake, akavua koti akamfunika miguu. Yule mama alikuwa bado anapumua. Aliuliza kama mtoto ameanguka. Lwitiko akamjibu hajaanguka. Hakusema tena.

Watu walikuwa wameshamzunguka alipofika mzee Osward, ametolewa shambani. Alimwona mkewe, akamwona mtu aliyempakata. Kijana mmoja alikuwa ameinua mpini. Mzee akamwambia, "Shusha. Kwanza tumbebe mama yenu." Hakusema zaidi ya hapo. Lakini ni kwa neno lile mwanao yuko hai.

Nilikwenda msibani na akina mama wawili wa kanisani kwetu. Dada wa marehemu alinitambua kabla sijafika uani. "Wewe ni mke wa yule," alisema. "Ndani huingii." Nikakaa nje ya ua, chini, kwenye upepo, na wale akina mama wenzangu wakakaa nami. Mzee Osward alitoka, akatuona. Nilifikiri atatufukuza au atatukaribisha. Alisema tu, "Waacheni wakae pale walipo," akarudi ndani. Tulikaa pale mpaka wakazika.

Lwitiko alikuwa mahabusu tayari. Hapo ndipo wazee wa watu wa Mbeya waishio mjini walipokusanyika kwangu, wakiongozwa na mzee Asangalwisye, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wema wao siusahau, walinilisha na watoto wangu. Mzee Asangalwisye alikuwa amempata mtu mmoja miongoni mwa abiria aliyekuwa tayari kusema mahakamani kwamba mama Leokadia alifungua mlango mwenyewe, kwa haraka ya kushuka, gari likiwa bado linatembea.

"Marehemu hadhuriki tena," mzee alisema. "Walio hai ndio wenye kula."

Nilikwenda naye mahabusu kumpa Lwitiko habari hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, maana ni mzee. Kisha akasema, "Baba, yule mama alikuwa akiufunga. Alinifungia mlango wangu kwa mikono yake. Sasa nisimame niseme aliufungua?"

"Una watoto wawili," mzee akamwambia.

"Naye alikuwa nao, baba."

Nilimkasirikia, Mama. Nilirudi nyumbani nikamkasirikia siku nyingi, nikimtazama Ipyana anavyolala na kandambili za baba yake kifuani. Nilimwona ana haki, na bado nilimkasirikia. Vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, sikuwahi kujua.

Siku ya hukumu mahakama ilijaa. Gari lilikuwa limeegeshwa nje kwenye uwanja wa polisi, ubavu wazi, mlango umeegemezwa ukutani. Mzee Osward alikaa benchi la nyuma, kofia magotini. Hakimu alikuwa mwanamke mtaratibu, anaandika kila neno. Akamwuliza Lwitiko, "Gari hili ni la aina gani? Maana limeandikwa jina moja, na kadi yake ina jina jingine."

Lwitiko akasema, "Mheshimiwa, ni la Kichina. Lina sura ya Haisi, lakini si Haisi."

"Na hilo jina lililoandikwa nyuma, nani aliliweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilimwona akitafuta neno. "Abiria walikuwa wameshalijua gari la namna hii, wakaliogopa. Waliogopa kwa haki. Mchina hakumdanganya mtu, mheshimiwa, aliandika jina lake mwenyewe. Aliyelifuta ni mimi. Yule mama alipanda akijua ni Haisi."

Hakimu aliacha kuandika, kisha akaendelea kuandika. Alisema kwamba amezingatia kuwa mshtakiwa hakukimbia na hakuisumbua mahakama, na kwamba bila hayo kifungo kingekuwa kirefu kuliko hiyo miaka mitatu. Lwitiko aliinamisha kichwa. Akatolewa kwa mlango wa pembeni, na kwa kuwa askari alikuwa amemshika mkono, hakuweza kugeuka kututazama.

Nje, mzee Osward alinikuta nimesimama na watoto. Nilimwambia shikamoo, akaitikia. Nikamwambia, "Baba, tusamehe." Alilitazama lile gari muda mrefu.

"Mama," akasema, "mimi huwafundisha watu kusamehe kila Jumapili. Nikikuambia nimesamehe nitakuwa nabandika kitu kisicho chake. Bado sijasamehe. Ila nimemsikia mumeo, na nitakapokuwa naomba nitaomba na hilo." Akavaa kofia akaenda zake kwa miguu, njia yote ile ya kwenda kwao. Siku hizi hapandi gari.

Sasa ujumbe wako, Mama. Ulisema niuze gari.

Polisi waliponirudishia, nililivutisha mpaka uani. Haikupita wiki akaja mtu kutoka Mpanda, mchangamfu, ana fedha mkononi. Alilizunguka, akapiga mateke magurudumu, akafungua injini, akatikisa kichwa, lakini akasema atalichukua. Nikamwuliza atalifanyia kazi gani. Akasema atalipeleka njia ya Kabwe, kule ziwani, libebe akina mama wa migebuka na samaki wao.

"Na huu ubavu?" nikamwuliza.

"Hilo si tatizo, mama. Natafuta mlango wa Haisi, tunachomelea, linakuwa jipya."

Nilimwangalia, nikaona hana ubaya wowote. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao Lwitiko aliporudi kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia siuzi. Alidhani nataka aongeze, akaongeza. Nikamwambia siuzi, baba, nenda salama. Jirani zangu walisikia, na wengine mpaka leo wanaamini kwamba nimerukwa na akili, maana walijua ndani hakuna unga.

Kesho yake niliwaita mafundi wa bati wa pale Majengo, wanaotengeneza majiko na ndoo na vifaa vya plau. Nikawaambia walikate lote, paa, ubavu, sakafu, pasibaki kipande cha kuunganishwa kikawa gari. Walifanya kazi siku mbili. Watoto walilia, Tumpe hasa, maana alikuwa akilisafisha vioo kila Jumapili. Nilisimama pale mpaka walipobeba kipande cha mwisho. Uani sasa kuna alama ya mafuta tu, na hapo sikupanda kitu.

Kwa hiyo sina gari la kuuza, Mama. Na kurudi sirudi kwa sasa. Mwanao yuko huku. Nashona, nalipwa kwa mahindi na maharage, tunakula mara moja na nusu kwa siku. Wale binti za mama Leokadia sijawaona tena. Niliwapelekea sweta mbili kwa mtu, zikapokelewa. Hakuna neno lililorudi, na silitegemei.

Jumapili naruhusiwa kumwona. Wafungwa wanalima mashamba ya mahindi kule kwenye upepo, na yeye hakuzaliwa kwa baridi ya huku. Amekonda, na ana kikohozi ambacho wanasema ni cha vumbi, lakini mimi nimelelewa na bibi aliyekufa kwa kifua, nakijua kikohozi. Nilipomweleza kwamba nimelikata gari, alifumba macho akanishukuru, "Ndaga, mama Tumpe." Nilidhani atalia, hakulia. Chakula ninachompelekea anawagawia wenzake. Nikimwuliza kwa nini hali, anasema anakula.

Jumapili iliyopita aliniomba jambo moja. "Mama akiuliza," alisema, "mwandikie kwamba nimevuka kwenda Zambia, nimepata kazi ya ghala kwenye migodi. Asijue niko hapa. Mwambie nitakuja nikipata likizo."

Nikamwambia, "Baba Tumpe, unataka na mimi nibandike jina?"

Aligeuka akautazama ukuta. Muda wetu ulipokwisha alikuwa bado ameutazama.

Ndiyo maana nimekuandikia haya yote, kinyume cha alivyoniagiza. Atajua nimeandika, kwa sababu nitamwambia mwenyewe.

Nisalimie shemeji mkubwa, mwambie sijakasirishwa na maneno aliyoyasema bila kuuliza. Nisalimie shangazi yake Lwitiko wa Kyela, na mama mlezi wa kwaya yako, na yule jirani wa kisimani ambaye hukuchotea maji siku goti linapokataa. Wifi Subilaga, ahsante kwa kusoma. Najua sauti yako imekukauka. Mkeka alionifumia Mama bado ndio tunaoulalia.

Mama, yeye hatakuita, kwa aibu. Wifi atasema safari ni ndefu, na goti lako halina nguvu, na kwamba gerezani si mahali pa mama mzazi. Yote ni kweli. Njoo hivyo hivyo, na usingoje mahindi yavunwe. Akikuona atakula.

Mkwe wako, na mwanao kama utaniruhusu kusema hivyo,

Atupele, mama Tumpe